Kila mhadhiri anasema lake, nimwamini nani?

SWALI: Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasoma shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili, katika chuo kimoja hapa Mtwara. Kidato cha sita nilisoma kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nikapata divisheni wani na A ya Historia. Nyumbani ni Newala, wazazi wangu ni wakulima wa korosho. Tangu nije chuo naona akili yangu inarudi nyuma. Mhadhiri mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile, na ukiwauliza jibu sahihi ni lipi wanakurudishia swali. Mwaka jana niliandika insha kama Majimaji ilikuwa vita ya ukombozi wa taifa. Niliweka maoni ya wanahistoria wote niliowapata, nikaandikiwa "Msimamo wako uko wapi?" na kupewa 11 kati ya 20. Muhula huu, kwenye insha nyingine, nikaeleza msimamo wangu wazi kabisa, nikaandikiwa "Ushahidi?" nikapata 9. Sasa wanataka nini? Likizo baba alisema salfa, dawa ya mikorosho, ipulizwe alfajiri tu, jirani yetu anapuliza hata saa nne. Nikamwambia baba kila mtu ana ukweli wake. Alinyamaza, halafu akasema chuo kimeniharibu. Hata kwenye swala siku hizi najikuta na maswali ambayo zamani sikuwa nayo. Mwenzangu wa chumbani ananishauri nihamie uhasibu, anasema kule jibu ni moja. Nakosea wapi?

JIBU: Mdogo wangu, nianze na zile alama mbili, 11 na 9, maana naona ndizo zinazokuuma zaidi.

Wahadhiri wale hawapingani. Wa kwanza aliona umewapanga wanahistoria foleni, kila mmoja amesema lake, halafu wewe mwenyewe humo. Wa pili alikuona umo, lakini uko peke yako, huna shahidi hata mmoja. Wote wawili wanataka kitu kilekile: uchague upande, ueleze umeuchagua kwa nini, na uonyeshe kwamba upande mwingine umeusikiliza kabla ya kuuacha. Ubaya ni kwamba wahadhiri wengi huandika neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu wakidhani mwanafunzi atajazia mwenyewe. Hilo "Ushahidi?" lingefuatwa na sentensi mbili za maelezo, pengine usingehangaika kuniandikia.

Na akili yako hairudi nyuma. Kumbuka ulivyokuwa ukisoma Historia kidato cha tano na cha sita. Swali linakuja: kwa hoja sita, eleza sababu za jambo fulani. Utangulizi unajua unakaaje, hoja sita unajua ziko kwenye desa lipi, hitimisho unajua linaanza na maneno gani. Anayesahihisha ana mwongozo mezani, anazitafuta hoja zilezile, akizikuta anaweka vema. Siidharau shule hiyo. Darasa lina watoto wengi, vitabu ni vya kugawana, na mwisho wake kuna mtihani mmoja wa taifa unaosahihishwa na watu wasiokujua wala usiowajua. Mfumo wa namna hiyo unahitaji jibu linalotambulika haraka. Lakini ukikaa humo miaka 13, tangu darasa la kwanza, unajifunza pia jambo ambalo halimo kwenye silabasi: kwamba elimu imekwisha kukamilika, iko kwa mwalimu, na kazi yako ni kuibeba kama ndoo ya maji hadi kwenye karatasi ya mtihani bila kuimwaga. Wewe uliibeba vizuri mno, ndiyo ile A. Ukafika chuo, kanuni zikabadilika, na hakuna aliyekutangazia.

Mabadiliko haya yamechunguzwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 na 1960, William Perry, aliyekuwa mshauri wa masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, yeye na wenzake walikuwa wakiwaita wanafunzi kila mwisho wa mwaka na kuwauliza swali jepesi: katika mwaka huu, ni lipi limekugusa zaidi? Kisha wanawaacha waongee. Waliwafuata vijana walewale mwaka hadi mwaka mpaka wakahitimu, na mwaka 1970 Perry akachapisha alichokiona. Aliugawa mwendo wa fikra zao katika hatua tisa. Sitakuchosha na zote tisa, maana kwa sehemu kubwa umeziandika mwenyewe kwenye swali lako bila kujua.

Mwanzoni mwanafunzi anaamini kwamba kila swali lina jibu moja na mkubwa analo. Wakubwa wakitofautiana, anatafuta maelezo yasiyovunja imani hiyo: huyu mhadhiri somo hajalielewa, au amelielewa ila anatuficha ili tujisumbue wenyewe. Lile lalamiko lako kwamba wanakurudishia swali limetoka hapo. Baadaye anakubali kwamba yapo maswali ambayo mabingwa hawajayamaliza, huku akitumaini watayamaliza. Maswali ya aina hiyo yanazidi kuongezeka, kozi baada ya kozi, mpaka anachoka. Anasema: kama wenye elimu wenyewe hawakubaliani, basi kila mtu ana ukweli wake. Na wewe umechoka hivyo hivyo, ukalitoa mbele ya baba yako.

Wengi hudhani kufika hapo ndiko kukomaa, na utawasikia watu wazima wenye vyeo wakijisifu nako. Sikubaliani nao. Ukiangalia vizuri, anayesema jibu ni moja na mwalimu analo, na anayesema kila mtu ana lake, wamefanana sana: wote wamejiondolea kazi ya kupima. Wa kwanza amemwachia mwalimu, wa pili ameitupa kabisa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Deanna Kuhn, aliwahi kuwahoji watu 160, kuanzia vijana hadi wenye umri wa miaka ya 60, kuhusu mambo ya kawaida kama vile kwa nini wafungwa wakiachiwa hurudia makosa, au kwa nini watoto hufeli shule. Kazi yake ilitoka mwaka 1991. Wengi walikuwa ama na uhakika usioyumba ama na "kila mtu na mtazamo wake". Waliokuwa tayari kulinganisha maelezo mawili na kusema lipi lina nguvu zaidi, na kwa ushahidi gani, walikuwa wachache. Umri peke yake haukumsaidia mtu. Kilicholeta tofauti ni kiwango cha elimu. Kwa hiyo hiki unachotafuta hakiji kwa kuzeeka, kinafundishwa.

Sasa tukione kikifanya kazi, na tukichukulie kwenye Majimaji yenyewe, vita dhidi ya utawala wa Wajerumani iliyoanzia milima ya Umatumbi, mkoa wa Lindi, mwezi Julai 1905. Watu wangapi walikufa? Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilitaja takriban Waafrika 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyeifanyia vita hii utafiti wake wa uzamivu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti si ndogo.

Ungekuwa bado kidato cha sita ungeuliza: nikaririe ipi, ipi inatoka kwenye mtihani? Ukiwa ulipo leo unaweza kusema: Mjerumani ana yake, Gwassa ana yake, basi. Ninachotaka ujizoeze kuuliza ni kila hesabu ilipatikanaje. Nani alihesabu? Alihesabu nini? Alikuwa na sababu gani ya kupunguza au ya kuongeza? Hesabu ya kwanza inatoka kwa watawala, watu waliokuwa wanatoa taarifa kwa wakubwa wao kuhusu vita iliyowaletea lawama. Hilo halitoshi kuifanya uongo, lakini linakutaka uishike kwa tahadhari. Kisha kuna suala la njaa. Majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hapo linazaliwa swali ambalo mwanzo hukuwa nalo: mtu aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 kwa sababu ghala lake lilichomwa 1906, amekufa vitani au hakufa vitani? Ukisema amekufa vitani, hesabu kubwa inaanza kueleweka. Ukisema hapana, inabidi ueleze kwa nini, na maelezo yako yatapimwa na wasomaji.

Tazama kilichotokea. Hatujapata namba moja ya uhakika, na huenda hatutaipata, kwa kuwa hakukuwa na sensa ya kuaminika kabla ya vita. Lakini pia hatujaangukia kwenye "yoyote ni sawa". Mtu akija na kusema walikufa 3,000, tutamwambia amekosea, na tutamwonyesha kwa nini. Kati ya uhakika kamili na ovyo ovyo kuna uwanja mpana sana, na huko ndiko wahadhiri wako wanakotaka ucheze.

Turudi kwenye insha yenyewe. Baada ya uhuru, wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliiona Majimaji kama vita iliyowaunganisha watu wa makabila mengi kuliko ilivyowahi kutokea kabla, wakaiona kuwa moja ya mizizi ya utaifa. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee, na kazi hiyo inategemewa hadi leo. Baadaye wakaja wengine, akiwemo Thaddeus Sunseri na Jamie Monson, wakasema tuangalie kila eneo lilikuwa na ugomvi gani wake: misitu, uwindaji, kilimo, uhusiano kati ya machifu na watu wao. Hawa na wale wametumia baadhi ya vyanzo vilevile. Wametofautiana kwa sababu wameuliza maswali tofauti, na kwa sababu kila kizazi kina shauku zake.

Ningekuwa wewe, aya ya msimamo ningeiandika hivi: "Nakubali kwamba maji ya Kinjeketile, mganga aliyeahidi kuwa yatawakinga wapiganaji na risasi, yaliwapa watu wa lugha na mila mbalimbali imani moja, na hilo halikuwa jambo dogo. Hata hivyo siiiti vita ya taifa. Si watu wote wa kusini waliojiunga. Wako waliokaa kando, wako waliosimama na Wajerumani. Kilichomchosha Mmatumbi kwenye shamba la pamba la lazima si lazima kiwe ndicho kilichowasukuma machifu wa Wangoni. Nitabadili mawazo nikionyeshwa kwamba viongozi wa maeneo hayo walikuwa na lengo moja la pamoja kabla ya Julai 1905." Unaweza kusimama upande wa pili kabisa wa huo wangu na bado ukapata 16. Kinachotakiwa ni hiyo mifupa: nakubali hapa, nakataa pale, kwa sababu hii, na ningebadilika kwa ushahidi huu. Sentensi ya mwisho ndiyo wanafunzi wengi huiogopa, wanaona inadhoofisha hoja. Msomaji mzoefu anaiona kinyume chake, maana inamwambia kwamba mwandishi anajua hoja yake imesimama juu ya nini.

Kuhusu baba. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe, maana kwenye suala la salfa baba yako yuko mbele yako.

Ubwiri unga ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani machanga na maua ya mkorosho. Maua yakishakauka hakuna korosho tena hapo. Salfa ya unga, ambayo ndiyo dawa yake, inafanya kazi ikishika kwenye maua na kukaa. Alfajiri kuna umande, unga unanata. Upepo nao umetulia, kwa hiyo vumbi linapanda kwenye mti wako. Saa nne jani limekauka, upepo umeshaanza, na kwenye uwanda wa juu kama Newala unaweza kutumia mfuko mzima ukawa umempulizia jirani. Sasa niambie, kuna "ukweli wa baba" na "ukweli wa jirani" hapo? Kuna jambo linaloweza kuonwa kwa macho, na watafiti wa Naliendele, hapo hapo Mtwara, wamelifanyia kazi miaka na miaka. Baba yako kila msimu anakagua maua, anaona yaliyopona na yaliyoungua, anakumbuka mwaka ule alipochelewa. Hajasikia habari za Perry, lakini anapima ushahidi. Ulipomwambia kila mtu ana ukweli wake, ulimwambia kwamba miaka yake yote ya kukagua ile mikorosho haina uzito kuliko mazoea ya mtu anayechelewa kuamka. Ndiyo maana alinyamaza.

Inawezekana baba huyohuyo kwenye mambo mengine, tuseme siasa au malezi, hataki hata kusikia upande wa pili. Binadamu ndivyo tulivyo. Mtu anaweza kuwa mpimaji hodari shambani na mkariri msikitini, au profesa kwenye fizikia na mtoto mdogo kwenye mapenzi. Usizichukue hatua hizi kama ngazi ya kuwapangia watu vyeo, wewe juu na wazazi chini.

Ukienda nyumbani mwombe radhi, halafu mwombe akueleze kwa nini alfajiri. Na kama ana nafasi, muulize jambo jingine litakalokusaidia darasani: kwa nini mavuno ya korosho yalianguka? Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Wako wanaosema ni operesheni ya vijiji, watu walihamishwa mikorosho ikaachwa mbali porini. Wako wanaosema ni bei, mkulima aliona hailipi akaacha kupalilia. Wako wanaosema ni ubwiri unga, ambao ulianza kuonekana huku mwishoni mwa miaka ya 1970. Msikilize baba, msikilize babu kama yupo, na yule jirani wa saa nne pia. Andika nani kasema nini, alikuwa wapi wakati huo, aliona mwenyewe au aliambiwa. Kisha jiulize ipi kati ya sababu hizo ingeweza kuanza kuporomosha mavuno kabla ugonjwa haujaenea. Ukimaliza zoezi hilo utakuwa umefanya kazi ya mwanahistoria kwa lugha ya nyumbani, na zile karatasi zenye kalamu nyekundu utazisoma kwa jicho jingine.

Kwenye suala la swala mimi si shekhe, sitatoa fatwa. Nitasema tu kwamba maswali yenyewe hayakutoi popote. Sisi wa mwambao tumelelewa kwenye madhehebu ya Imamu Shafii, na Shafii alikuwa mwanafunzi wa Imamu Malik, akamheshimu sana, na bado akatofautiana naye kwenye masuala mengi, kwa dalili. Wanazuoni wa hadithi walitumia maisha yao kuuliza nani kamsikia nani, msimulizi huyu alikuwa mkweli, kumbukumbu yake ilikuwaje, ndipo wakasema hii ni sahihi na hii ni dhaifu. Hakuna mahali waliposema kila mtu ana yake, wala hawakuacha kupima kwa kuwa kitabu kimeandikwa na mkubwa. Kwa hiyo hili ambalo chuo kinakufundisha si geni kwenye nyumba yenu kama unavyohofu. Tafuta shekhe aliyesoma na mwenye kifua cha kusikiliza, ukae naye ana kwa ana. Vipande vya dakika moja kwenye simu havitakusaidia kwa maswali ya uzito huo.

Utauliza itachukua muda gani. Patricia King na Karen Kitchener, waliolifuatilia suala hili Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, waliugawa mwendo huu hatua saba, na wakaona wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa wastani bado wako kwenye hatua ya nne: wanajua kuna mashaka, lakini hawajui sana wafanye nini nayo. Marcia Baxter Magolda, aliyeanza kuwafuata wanafunzi 101 wa chuo kimoja cha Ohio mwaka 1986, aliona kwamba uwezo wa kusimama na hoja yako huku ukipima mazingira ulikuwa adimu hata kwa wanaohitimu, ukaja baadaye walipokuwa kazini na kwenye majukumu. Wewe uko mwaka wa pili. Hujachelewa kitu.

Tafiti hizi nazo zina kasoro zake, na ni vizuri uzijue. Wale vijana wa Perry karibu wote walikuwa wanaume, wa chuo cha matajiri. Mwaka 1986 watafiti wanne wanawake walichapisha mazungumzo yao na wanawake 135 wa hali mbalimbali, wakaona baadhi yao hawajifunzi kwa kubishana. Wanaanza kwa kuingia kwanza kwenye fikra za msemaji, waone anavyoona yeye, ndipo wahukumu. Kama wewe ni wa namna hiyo, ile diskasheni ya vijana wanaopigiana kelele kwenye kundi lenu isikufanye ujione mzito. Tena kazi hizi nyingi ni za Marekani, shule zao na sisi ni tofauti, usitegemee mwendo wako ulingane nao hatua kwa hatua.

Perry aliona pia kwamba safari hii ina upweke. Kuna wanafunzi walioganda mahali, wengine waliorudi nyuma kwa hasira na kushikilia jibu moja kwa nguvu kuliko mwanzo. Huo upweke nauona kwako, kwa baba na kwenye swala. Tafuta wenzako wawili watatu wanaosoma kozi hiyo, si kwa ajili ya kugawana madesa, bali kila mmoja alete hoja anayoikubali na hoja bora kabisa dhidi yake. Na zile insha mbili zibebe, nenda ofisini kwa mhadhiri, muulize: "Naomba unionyeshe aya moja tu, ungeiandikaje?" Nenda na aya moja, usimpelekee insha nzima. Wengi watakusaidia, na akikujibu kwa mkato nenda kwa mwingine.

Hayo yote ni kwa mtu aliyechanganyikiwa kimawazo tu. Kama kuna zaidi ya hapo, kwamba hulali, huli, umeacha kuingia darasani, unalia bila sababu, au wakati mwingine unaona bora usingekuwepo, basi hiyo si habari ya insha tena. Muone mshauri wa wanafunzi wa chuo chako wiki hiihii, au nenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa mtu wa Mtwara, Sokoine kwa mtu wa Lindi, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Na kama wazo la kujidhuru limekujia, usikae nalo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie huyo mwenzako wa chumbani, akusindikize.

Mwisho, uhasibu. Mwenzako amekudanganya bila kukusudia. Wape wahasibu wawili lori moja la kubebea korosho. Mmoja atalipunguzia thamani kiasi kilekile kila mwaka, mwingine atapunguza kikubwa mwanzoni na kidogo baadaye. Faida ya mwaka itatoka tofauti, na wote wawili watakuwa ndani ya kanuni, mradi waeleze wamechagua njia hiyo kwa nini. Hukimbii kupima kwa kuhamia huko, unakawia kukutana nako. Kama unaipenda kazi ya hesabu yenyewe, hiyo ni sababu nzuri na sitakuzuia. Kama unakimbia alama ya 9, subiri kwanza matokeo ya muhula huu baada ya kuandika insha moja kwa namna niliyokuonyesha. Ukiamua kuhama, muone afisa mikopo wa chuo kabla ya kujaza fomu yoyote, maana kubadili kozi kunaweza kugusa mkopo wako, na bumu likisimama katikati ya mwaka ni vigumu kulirudisha.